Staji ya Mambo ya Wanawake Ifanyikie Mpakani

Kila mwaka, vyuo vikuu vyetu vinapowatoa wanafunzi darasani na kuwapeleka kwenye mafunzo ya vitendo, ambayo sisi watu wa Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi ulio mpakani mwa Rwanda na Kongo, twayaita staji, huonekana vijana wengi, na wasichana kati yao si wachache, wakizunguka mjini na barua zenye muhuri wa chuo, kutoka mlango wa ofisi hii hadi mlango wa ofisi ile, wakiomba hisani ya kupokewa. Na wapokewapo, aghalabu hupewa kiti cha pembeni, majalada ya kupanga, chai ya kuandaa na wageni wa kuwaelekeza, hata muda wao utimie, wapate sahihi na muhuri wa pili, kisha wakaandike ripoti ndefu kuhusu kazi ambayo hawakuifanya. Sizilaumu ofisi hizo, kwani ofisi isiyoandaliwa kufundisha haiwezi kufundisha, na karani mwenye kazi zake hana dhima ya kumlea mtoto wa chuo ambaye hakumwomba. Ninalouliza ni hili: kwa nini msichana asomaye sheria, uuguzi, maendeleo ya jamii au mambo ya jinsia, ambaye nchi imemgharamia ili ayafahamu maisha ya wanawake, apelekwe kuyatafuta maisha hayo katika makabati ya Kigali, ilhali yapo hapa darajani kila alfajiri, yakiwa na beseni kichwani na mtoto mgongoni?

Rai yangu, ambayo naiweka mbele ya wasomaji na mbele ya wakuu wa Chuo Kikuu cha Rwanda kwa staha ipasayo, ni kwamba chuo hicho kifungue Kamembe tawi dogo la kituo cha wanawake. Tawi lisilohitaji jengo la fahari wala walimu wengi, bali vyumba vitatu au vinne karibu na njia iendayo mpakani, walezi wawili wenye elimu na umri wa kutosha, na wanafunzi wa staji wanaopokezana mwaka mzima, wakilipwa posho ya kuwakimu na kupewa kazi iliyo kazi kweli. Sisemi wanafunzi waje kuwafundisha akina mama wa Rusizi namna ya kuishi. Akina mama hao wameishi, tena katika dhiki ambazo wengi wa wataalamu wanaoandika juu yao wasingezistahimili hata mwezi mmoja. Nasema waje kuwaandikia, kuwasomea, kuwahesabia na kuwasindikiza, na katika utumishi huo wapate elimu ambayo hapana mhadhara uwezao kuwapa.

Chuo Kikuu si mgeni kwetu. Kilipoundwa mwaka 2013 kwa kuziunganisha taasisi saba za elimu ya juu za serikali, Rusizi nayo ilipata tawi, na kwa miaka michache mji ukaonja ladha ya kuwa mji wa wanafunzi, wenye nyumba wakapangisha vyumba, wenye mikahawa wakaongeza viti, na wazazi wa Bugarama na Nkanka wakaona kwamba elimu ya juu si lazima ivukiwe msitu wa Nyungwe. Kisha tawi likafungwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Sikusudii kuifungua upya hesabu hiyo; zilikuwapo sababu zake, na nyingine zilikuwa nzito. Lakini tangu siku hiyo, maarifa ya chuo yamekuwa yakitufikia kwa njia ya watafiti waingiao Jumatatu na madodoso, wakaondoka Ijumaa na majibu, na akina mama walioyatoa majibu hayo hawakupata kuiona karatasi ya mwisho. Jirani tuliyebaki naye ni Kibogora Polytechnic, katika wilaya ya Nyamasheke, inayowafundisha wauguzi na wakunga, nayo yafanya kazi njema. Chuo Kikuu chenyewe kina kituo cha mambo ya jinsia, ambacho asili yake ni kile kilichoanzishwa katika Chuo cha Ualimu cha Kigali, KIE, kabla ya muungano. Kituo hicho kimetoa wasomi, lakini kutoka hapa hadi kilipo ni safari ya basi ya saa sita hivi, na mwenye nyanya za kuuza hana saa sita za kwenda kuulizia haki zake.

Fikra ya kituo cha wanawake ndani ya chuo kikuu si kongwe sana, wala haikuzaliwa katika mabishano ya siasa kama wengi wadhanivyo. Chuo Kikuu cha Minnesota, huko Marekani, kilipofungua cha kwake mwaka 1960, ambacho huhesabiwa miongoni mwa vya kwanza, kilikusudia jambo la kawaida kabisa, nalo ni kwamba wanawake waliokatiza masomo kwa sababu ya ndoa na uzazi wapate njia ya kurejea. Katika Afrika Mashariki mwendo ulikuwa wa polepole zaidi: Makerere, mama wa vyuo vyetu, ilipokea wasichana wake sita wa kwanza mwaka 1945, na ikangoja hata mwaka 1991 ndipo ikawa na Idara ya Mafunzo ya Wanawake. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1990, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aitwaye Levina Mukasa alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kudhalilishwa na kundi la wanafunzi wa kiume lililojulikana kwa jina la Punch, jambo lililoitikisa nchi na kuwafanya wanawake wengi wa Tanzania, waandishi na wanasheria na wahadhiri, waseme kwa sauti yale waliyokuwa wakinong'onezana. Naitaja habari hiyo si kwa kuchokoa kidonda, bali kwa kuwa yadhihirisha kwamba chuo chaweza kuwa na maktaba, na maprofesa, na mabweni, na pamoja na hayo yote msichana akakosa chumba kimoja cha kuingia na kusema: yamenifika.

Haja ya chumba hicho haiishii langoni mwa chuo. Wilaya yetu, iliyopewa jina la mto katika mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 baada ya kuitwa Cyangugu miaka na miaka, imekaa mahali ambapo ziwa Kivu linajimimina ndani ya mto Rusizi, na mto huo ukateremka kwenda kulilisha ziwa Tanganyika. Ng'ambo yake ni Bukavu, mji mkubwa wa Kongo ulao vya watu na usiojitosheleza kwa chakula, na kati ya miji hiyo miwili hupita, kwa vivuko viwili vya Rusizi ya Kwanza na Rusizi ya Pili, biashara ambayo kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanawake. Kwenda huko hupelekwa nyanya, vitunguu, mboga, maziwa, nyama, na sambaza, samaki ambaye naye ni mhamiaji, kwa kuwa aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Na kurudi huku huletwa vitenge na vitu vidogo vidogo vya dukani. Mtaji ni mdogo, mara nyingi umetokana na upatu, ambao sisi twauita ikimina na wenzetu wa ng'ambo likelemba, na faida yake hulipa ada ya shule, kodi ya nyumba na mchango wa mituweli, yaani bima ya afya. Mizigo ikizuiliwa nusu siku, faida imeoza.

Juu ya biashara hii ndogo zimejengwa sheria kubwa, na hapa ndipo ninapoiona kazi ya kwanza ya mwanafunzi. Kwa kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zisizozidi thamani ya dola 2,000 zastahili kuvuka kwa hati sahili ya asili, pasipo ushuru wa forodha. Lakini hati ni karatasi, na karatasi yataka ajuaye kuisoma, na darajani lolote lisilojulikana hugeuka kuwa ada ya mtu fulani. Mwaka 2016, ushuru wa nguo za mitumba ulipopandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo, biashara iliyokuwa halali na yenye tija ikawa kwa wengi ni magendo, na walioikamatiwa hawakuwa wenye maghala bali wanawake waliovaa nguo juu ya nguo. Mtu aweza kuitetea sera hiyo, na mimi naona ilikuwa na hoja yake, maana nchi isiyojishonea haitavaa kwa heshima. Lakini sera ikishabadilika, ni insafu kwamba mchuuzi aambiwe kwa lugha aijuayo kabla hajanyang'anywa mtaji wake, wala si baada.

Kisha likaja janga la Korona. Mpaka ulifungwa mwezi wa Machi 2020, na mwezi wa Juni mwaka huohuo Rusizi ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje wakati sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na wachuuzi waliozoea kila mtu na beseni lake wakalazimika kukusanya bidhaa na kuzipeleka kwa pamoja. Waliokuwa na hesabu zilizoandikwa walistahimili mtindo huo. Wasiokuwa nazo walibaki wakihojiana nani alitoa kilo ngapi, na vitunguu vya nani ndivyo vilivyooza njiani, na urafiki wa miaka mingi ukavunjikia katika daftari ambalo halikuwapo. Msichana wa mwaka wa pili wa uhasibu, akiketi na kikundi kimoja kwa wiki sita, angeliandika daftari hilo na kumwachia mmoja wao ujuzi wa kuliendeleza. Na tangu Februari 2025, Bukavu ilipotwaliwa na wapiganaji wa M23, mwanamke avukaye asubuhi ana maswali mapya juu ya yale ya zamani: kodi ipi, fedha ipi, benki ipi, na kibali chake kitatambuliwa na nani jioni.

Biashara, hata hivyo, ni nusu ya habari, na pengine ni ile nusu nyepesi. Nusu nyingine imo majumbani. Rwanda ilitunga mwaka 1999 sheria ya mali ya wanandoa na urithi iliyomsawazisha mtoto wa kike na wa kiume. Ikaweka katika Katiba ya mwaka 2003 kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika vyombo vya maamuzi, na Bunge likapita mpaka huo kwa mbali, hata uchaguzi wa mwaka 2013 ukatoa asilimia 64. Ikapima na kuandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, na majina ya wake yakaandikwa kando ya majina ya waume. Dunia imetusifu kwa hayo, na sifa hiyo twaistahili. Lakini himaya ya sheria hizi, kwa sehemu kubwa, humwangukia mke aliyefunga ndoa mbele ya ofisa wa serikali. Na katika mji wa mpakani kama wetu, wapo wengi ambao ndoa yao ni ya msikitini au ya mahari na baraka za wazee tu, wapo waliochukuliwa na kuishi na mwanamume miaka kumi pasipo cheti chochote, na wapo, tena sote twawajua ingawa hatuwataji, ambao mume wao ana nyumba ukingo huu wa mto na nyumba nyingine ukingo wa pili. Siku mume anapofariki au anapomchoka mke, ndipo mwanamke anapogundua kwamba mbele ya sheria yeye alikuwa mpangaji.

Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia iliweka kifungu kwa ajili ya watu hao, ikisema kwamba waishio pamoja bila ndoa wafunge ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na kwamba mwanamume aliyekuwa akiishi na wanawake kadhaa agawane nao sawasawa kwanza mali aliyoichuma pamoja nao. Ni akina mama wangapi wa Gihundwe, wa Muganza, wa Bugarama wanakijua kifungu hicho? Sitataja hesabu, kwa maana hapana aliyeihesabu; na kuihesabu, kwa adabu na kwa idhini ya wanaohesabiwa, ingekuwa staji iliyo bora kuliko mia moja za kupanga majalada. Zipo ofisi za msaada wa sheria katika kila wilaya, zijulikanazo kwa jina la MAJ; wapo abunzi, wasuluhishi wa vijijini wanaojitolea; lipo shirika la Haguruka, lililoanzishwa mwaka 1991 kuwatetea wanawake na watoto, na upo umoja wa Pro-Femmes Twese Hamwe wa mwaka 1992, ambao umefanya kazi na wachuuzi wa mpakani. Msaada basi hauna upungufu wa majina. Upungufu uko katika hatua ile ya kwanza, ya mama asiyejua amwendee nani, aogopaye kuonekana akiingia mlango wenye bango, na ambaye, hata akiingia, hukabidhiwa fomu.

Hapo ndipo mwanafunzi afaa kuliko ofisa. Hana cheo cha kuogopesha, ana muda, na kama amelelewa vema ana masikio. Aketi na mama huyo, amwulize ana karatasi gani nyumbani, atenge cheti cha ardhi na kadi ya kliniki na risiti ya mituweli, aandike kwa mwandiko unaosomeka yaliyotokea na lini, kisha amsindikize kwa abunzi au kwa MAJ, akae nyuma, asiseme neno mpaka aulizwe. Kwa lugha gani? Kwa Kinyarwanda bila shaka. Lakini pia kwa Kiswahili, ambacho ndicho lugha ya daraja na ya mtaa wa Waislamu wa Kamembe, na ambacho Bunge lilikifanya lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Na katika kisiwa cha Nkombo, ambako watu wana msemo wao ulio karibu na wa Washi na Wahavu, kwa kumtafuta mkalimani na kumlipa. Mwanafunzi wetu husomeshwa kwa Kiingereza tangu serikali ilipobadili lugha ya kufundishia mwaka 2008, huandika ripoti kwa Kiingereza, naye huhojiwa na jopo kwa Kiingereza. Sioni ubaya wa hilo. Naona ubaya pale ripoti inapokuwa haina nakala hata ya kurasa mbili kwa lugha ya walioisimulia, na kwa hiyo ningetaka kituo chetu kiweke sharti kwamba hapana ripoti itakayotiwa muhuri kabla kurasa hizo mbili hazijasomwa kwa sauti mbele ya kikundi kilichohusika.

Nimekwisha kusikia mtu akinijibu kwamba Rusizi tunayo Isange, na yatosha. Vituo vya Isange vilianza Julai 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, vikikusanya mahali pamoja tabibu, polisi, mshauri na mwanasheria, ili aliyedhulumiwa mwili wake asilazimike kuisimulia fedheha yake katika milango minne. Na hospitali yetu ya Gihundwe ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kupata kituo hicho kabla hakijaenea katika hospitali za wilaya nchini kote. Ni jambo jema mno, nami nasema wazi kwamba mwanafunzi wa staji asiguse kazi ile. Aliyebakwa, aliyepigwa hata kuvunjwa, mtoto aliyeharibiwa, hao si vitabu vya kujifunzia, na mkono usiozoea humwongezea jeraha mwenye jeraha. Kituo ninachokisema kikae kabla ya Isange na baada yake: kabla, kwa kuwa magomvi mengi huanza na hati, na deni, na mtoto asiyeandikishwa, na baada, kwa kuwa mwanamke atokaye hospitali hurudi nyumba ileile na soko lilelile, na hapana amwulizaye wiki ya tatu kama ana unga.

Nije sasa kwenye posho, jambo ambalo wakubwa hulipita haraka na ambalo kwangu ndilo uti wa mgongo wa shauri hili. Staji isiyolipwa haiwi ya bure. Hulipiwa na mzazi. Msichana aliyezaliwa Kimihurura aweza kukaa miezi miwili katika shirika lolote la Kigali pasipo ujira, kwa kuwa analala kwao, anakula kwao, na baba yake anamjua mkurugenzi. Wa Bugarama, ambaye mama yake anauza mchele kwa mizani ya kukodi, na ambaye mkopo wake wa kujikimu kupitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda umekwisha kabla ya mwezi kwisha, atachagua mahali pa karibu, popote pale, ili mradi apate muhuri. Matokeo yake ni kwamba mashirika yanayotetea wanawake maskini hujazwa, tangu mlangoni, na wasichana ambao umaskini wameusoma. Haya si ya Rwanda peke yake. Ikulu ya Marekani yenyewe haikuanza kuwalipa vijana wake wa staji hadi mwaka 2022. Na mwaka 2015 magazeti duniani yalieleza habari za kijana wa New Zealand aliyekuwa akifanya staji isiyolipwa katika Umoja wa Mataifa mjini Geneva, akalala hemani kando ya ziwa akisema kwamba kodi za nyumba zilimshinda. Ikiwa walio na hazina za namna hiyo waliona haya kwa kuchelewa, sisi tusingoje kuona haya.

Posho ninayoisema si mshahara. Ni nauli ya basi ya kuja na kurudi, kodi ya chumba cha kawaida Kamembe, chakula, pikipiki ya kwenda Bugarama na mtumbwi wa kwenda Nkombo, na karatasi na vocha za simu, ili mwanafunzi asije akaketi kibarazani kwa mama mwenye dhiki na kungoja kukaribishwa ugali. Serikali yenyewe imekwisha kukubali kanuni hii, kwa kuwa ipo programu ya taifa ya staji kwa waliokwisha hitimu, ambayo huwapa posho. Kinachotakiwa ni kwamba kanuni iteremke ngazi moja, imfikie yule ambaye bado yumo chuoni, angalau katika nafasi chache zinazohudumia watu ambao hawana uwezo wa kulipia huduma.

Fedha peke yake, lakini, haimlindi msichana. Mwanafunzi wa staji ni mtu dhaifu kuliko wote ofisini: hana mkataba, hana mwaka wa pili, na sahihi inayohitajika kwenye ripoti yake iko katika kalamu ya mtu mmoja. Mwenye kalamu akiwa na adili, hapana neno. Akikosa adili, sahihi hiyo hugeuka bei. Ingekuwa aibu isiyosemeka kama kituo cha wanawake kingekuwa ndipo mahali pa kumnyanyasa msichana, na kwa hiyo napendekeza kwamba ripoti itiwe sahihi na watu wawili, mmoja wa kituo na mmoja wa chuo. Kwamba mwanafunzi awe na mtu wa kumpigia simu asiyekuwa bosi wake. Na kwamba asitumwe nyumbani kwa mtu peke yake, wala usiku. Na siri iwe amana. Kamembe ni mji mdogo, ambamo ukikohoa Gihundwe husalimiwa pole Kamashangi. Jina la mama lisiandikwe katika ripoti, wala mtaa wake, wala idadi ya watoto wake kama yatosha kumtambulisha, na simu za wanafunzi zikae sandukuni saa za kazi, kwa maana picha moja iliyotumwa kwa mzaha yaweza kuvunja nyumba.

Na wavulana? Waje, tena wasiwe wachache. Wapo waume waliokataa kwenda kuandikisha ndoa si kwa ubaya bali kwa kuogopa ofisi, na hao husikilizana vema zaidi na kijana wa kiume aliyevua viatu na kuketi nao.

Gharama ndiyo hoja itakayotolewa mwisho na ndiyo itakayopewa uzito wa kwanza. Nitaijibu kwa ufupi. Vyumba si lazima vijengwe. Wilaya ina nafasi katika majengo yake, na makanisa na misikiti vina kumbi ambazo siku za kazi hukaa tupu. Walezi wawili, mmoja wa sheria na mmoja wa ustawi wa jamii, si mzigo wa kukiangusha chuo cha taifa. Wanafunzi wanane kwa wakati mmoja, wakipokezana kila baada ya miezi miwili au mitatu, hula kwa mwaka fedha ambayo warsha moja ya hoteli hula kwa siku chache, nasi Rusizi tumeziona warsha za kutosha kuhusu wanawake wa mpakani, zenye chai ya saa nne na mabango mazuri, ambazo wanawake wa mpakani hawakuzihudhuria kwa kuwa saa nne ndiyo saa ya soko.

Kwa desturi ya nchi yetu tangu mwaka 2006, wilaya hutia sahihi imihigo, ikaahidi mbele ya Rais mambo itakayoyatimiza, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Barua ya wilaya kwa Chuo Kikuu, yenye kuomba walezi wawili na kuahidi vyumba, haina gharama isipokuwa ya karatasi, nayo yaweza kuandikwa na kujibiwa kabla bajeti haijafungwa. Na kama majibu yatasema kwamba nafasi za posho ni nne tu badala ya nane, basi zichukuliwe hizo nne, wawili wawekwe Kamembe karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza, mmoja Bugarama, na mmoja, anayejua kuogelea, Nkombo.